Gari Kuukuu, Matunzo ya Gari Jipya: Miaka Yangu na Haibridi Lubumbashi

Swali ambalo watu wa Lubumbashi huniuliza kabla ya jingine lolote kuhusu gari langu ni mahali ninapolichajia, kwa kuwa sote tunaujua umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, na jinsi unavyoweza kuondoka jioni bila kuaga. Huwa najibu kwamba halichajiwi popote. Ni Toyota Harrier ya haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja, pacha wa Lexus RX 400h, aina iliyoingia sokoni mwaka 2005, na halina hata tundu la kuchomekea waya. Injini yake ya petroli ya silinda sita, yenye ujazo wa lita 3.3, huzungusha jenereta, na kila ninapopunguza mwendo mota za umeme hugeuka kuwa jenereta na kurudisha kwenye betri kubwa sehemu ya nguvu ambayo gari la kawaida lingeipoteza kama joto la breki. Katika foleni ya asubuhi kuelekea katikati ya mji, injini huzimika yenyewe mara kwa mara na gari husogea kimya kwa umeme. Ndiyo maana nililipenda, na bado nalipenda.

Lakini upendo huo una gharama ambayo wanunuzi wengi hawaielezwi sokoni. Magari ya aina hii yalipokuwa mapya huko Japani yalikuwa ya watu wenye mali. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano bei yake hushuka, yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Zambia nzima mpaka Kasumbalesa, mpakani mwetu, na hatimaye yakamfikia mtu wa kipato cha kati ambaye anaona amepata gari la kifahari kwa bei ya gari dogo. Kilichoshuka ni bei ya gari peke yake. Betri kubwa, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), pampu ya breki na kompresa ya kiyoyozi havijui kwamba gari limezeeka, na bei zake zinaendelea kuwa za gari la tajiri. Anayenunua kwa kutumia akiba yake yote, bila kubakiza chochote cha mwaka wa kwanza, amenunua nusu ya gari.

Nianze na vumbi, kwa kuwa hapa kwetu ndilo adui wa kwanza. Kuanzia Mei hadi mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka, udongo mwekundu wa mitaa isiyo na lami ya Katuba, Ruashi na pembezoni mwa mji hupanda na kubaki hewani, na malori ya madini hulipeperusha zaidi kwenye njia zote zinazotoka mjini. Kila dereva hapa anajua kwamba filta ya hewa ya injini huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kile ambacho wengi hawajui ni kwamba betri kubwa nayo inavuta hewa. Katika Harrier hii betri iko chini ya kiti cha nyuma, nayo hupozwa na feni zinazovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu yaliyo hapohapo kitini. Katika Prius za zamani, haibridi nyingine ya Toyota, tundu liko pembeni mwa kiti cha nyuma, na mtu anaweza kuliziba kwa koti bila kujua. Gari likitembea vioo vikiwa wazi kwenye njia ya vumbi, vumbi lote linaloingia hupita juu ya betri. Feni huota utando mzito, hewa hupungua, joto hupanda, na betri ya nikeli inayofanya kazi katika joto kali huzeeka haraka.

Adui mwingine wa feni hiyo ni unga. Familia nyingi za Lubumbashi hununua unga wa mahindi wa bukari, yaani ugali, kwa mfuko mzima, na mfuko huo mara nyingi husafirishwa sakafuni mbele ya kiti cha nyuma, mahali hasa palipo na matundu ya hewa. Fundi alipofungua feni za gari langu kwa mara ya kwanza, alichokitoa kilikuwa mchanganyiko wa vumbi, nywele na unga ulioshikana. Tangu hapo feni husafishwa kila mwaka kabla ya joto la Septemba na Oktoba, mizigo yote hukaa nyuma kabisa, na katika njia za vumbi tunafunga vioo na kuwasha kiyoyozi. Vijana wa kuosha magari nao inabidi wasimamiwe, kwa sababu wamezoea kunyunyizia maji ya mpira mpaka ndani, kwenye zulia na chini ya viti. Kwa gari la kawaida hilo huleta harufu ya uvundo tu. Kwa gari lenye betri ya volti 288 chini ya kiti ni hatari ya kweli.

Kisa kilichonifundisha zaidi kilitokea katika joto la Oktoba, na kilianza na kiyoyozi. Kiyoyozi kilikuwa kimeanza kupoteza baridi, nikalipeleka gari kwenye karakana moja inayosifika kwa kazi hiyo. Waliongeza gesi, wakaongeza na oili ya kompresa, baridi ikarudi, nikalipa. Baada ya muda mfupi taa nyekundu ya pembetatu iliwaka kwenye dashibodi, gari likakataa kuwa tayari kwa safari. Karakana nyingine waliunganisha skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, wakasoma kodi ya hitilafu P0AA6, wakanitazama kama watu wanaoleta habari za msiba. Mkuu wao aliniambia, “Patro, batri kubwa imekufa. Tutakuagizia nyingine Dubai, lakini itakuwa maelfu ya dola.”

Ningeweza kulipa, na ningekuwa nimetupa betri isiyo na kosa. Kodi hiyo haisemi kwamba betri imekufa. Inasema kwamba kinga inayotenganisha umeme wa volti kubwa na bodi ya gari imedhoofika mahali fulani, yaani umeme unavuja kidogo, na mahali hapo panaweza kuwa kwenye betri, inveta, mota, nyaya au kompresa ya kiyoyozi. Kompresa imo katika orodha hiyo kwa sababu katika gari hili haizungushwi na mkanda wa injini. Inaendeshwa na mota ya umeme wa volti kubwa iliyo ndani yake, na mota hiyo inaogelea katika oili yake. Ndiyo maana Toyota hutumia oili maalumu ya jamii ya esta, inayojulikana kama ND-OIL 11, ambayo haipitishi umeme. Oili ya kawaida ya viyoyozi vya magari ni ya jamii nyingine, na hata kiasi kidogo kikiingia humo kinaweza kupunguza kinga ya umeme mpaka kompyuta ya gari ikazima mfumo mzima.

Aliyeniokoa alikuwa kijana fundi umeme, aliyejifunza kazi kwenye mashine kubwa za migodini upande wa Likasi, ambaye alikuja na kipimo cha kinga ya umeme na glovu za mpira za volti 1,000. Alizima gari, akaondoa waya wa betri ndogo, akachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuiweka mfukoni mwake ili mtu asije akairudisha bila yeye kujua. Kisha akaketi. Nilipomuuliza anasubiri nini, alijibu, “Papa, lazima dakika kumi zipite. Ndani ya inveta kuna kapasita inayohifadhi umeme, na kapasita haisahau haraka.” Baada ya hapo alitenganisha sehemu moja baada ya nyingine na kupima kila moja peke yake. Betri ilikuwa salama, inveta salama, mota salama. Kompresa ndiyo iliyokuwa inavuja. Kompresa iliyotumika, bomba zilizosafishwa, na oili sahihi vilinigharimu fedha nyingi, lakini hazikufika popote karibu na bei ya betri.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona wengine watatu au wanne wakipitia njia hiyohiyo, na wawili kati yao walikwisha kununua betri kabla ya mtu kupima chochote. Katika mji wetu kila taa nyekundu kwenye haibridi hupewa jina la betri kubwa. Mara nyingi chanzo ni kidogo kuliko hapo. Betri ndogo ya volti 12, kwa mfano, ndiyo inayoamsha kompyuta zote na kuunganisha swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa kutoka. Ikidhoofika, dashibodi hujaa taa za kila rangi, breki zikalalamika, usukani ukalalamika, na gari likakataa kuwaka, ilhali betri kubwa imejaa. Kwa hiyo mtu apimiwe kwanza betri ndogo, ambayo bei yake haimkoseshi mtu usingizi. Wenye Prius za zamani wazingatie jambo moja zaidi: betri yao ndogo iko nyuma, ndani ya gari wanamokaa watu, na ni ya aina iliyofungwa yenye mrija unaotoa gesi nje. Kuweka humo betri ya kawaida ya maji ya asidi kwa sababu ni rahisi kununua ni kujialika gesi ya haidrojeni ndani ya gari.

Betri kubwa nayo hufa, sikatai. Ya gari langu imeundwa kwa moduli 30, yaani vipande vilivyounganishwa, na siku zake zikikaribia, moduli chache hutangulia na kuvuta nyingine nyuma. Mafundi wengi hutoa zile mbovu na kuweka nyingine zilizotoka kwenye betri ya gari lililopata ajali. Gari huwaka, mteja hufurahi, na baada ya miezi moduli nyingine inaanguka, kwa kuwa kazi hiyo inaunganisha za umri tofauti na nguvu tofauti katika mstari mmoja. Kwa mtu anayetaka kuuza gari wiki ijayo inaweza kumfaa, ingawa mimi nisingependa kuwa mnunuzi wake. Kwa anayetaka kubaki na gari, ni heri kuweka fedha pembeni kidogo kidogo kwa ajili ya betri kamili, mpya, siku itakapohitajika. Inachekesha kidogo kwamba tunaishi juu ya ardhi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima, madini ambayo kiasi chake kimo hata ndani ya betri hizi za nikeli, na bado betri yenyewe tunaiagiza kutoka mbali na kuilipia mpakani.

Kuna tabia mbili za udereva zinazoua betri hii bila kosa la vumbi wala la fundi. Ya kwanza ni kukaa kwenye N, yaani gia huru. Katika foleni ya Kasumbalesa, au kwenye peaji, kituo cha kulipia barabara, ya njia ya Likasi wakati magari ni mengi, madereva wamezoea kuweka gia ya N na kusubiri huku kiyoyozi kikinguruma. Katika haibridi ya Toyota, gari likiwa kwenye N betri kubwa haichajiwi hata kama injini inazunguka, ilhali kiyoyozi kinaendelea kuila. Weka P, ya kuegesha, na injini itawaka yenyewe kila betri inapohitaji. Ya pili ni kuishiwa na petroli. Esansi, yaani petroli, inapoadimika mjini watu hubahatisha wakiwa na taa ya tangi imewaka, wakijua kwamba mbele kutakuwa na kijana wa kadafi, muuza petroli wa mtaani, mwenye chupa zake kando ya njia. Gari la kawaida likiishiwa huzimika tu. Haibridi hujaribu kukufikisha kwa umeme, na dereva akiendelea kulilazimisha, betri kubwa hushuka mpaka haina nguvu ya kuiwasha injini tena. Hapo kuongeza mafuta hakutoshi, na nyaya za kuazima umeme kwa jirani hazisaidii, kwa sababu injini hii haina stata ya volti 12. Inawashwa na jenereta inayotegemea betri kubwa. Mimi huongeza mafuta robo ya tangi inapofika, kwenye kituo ninachokiamini, na ya chupani siyatumii ila kwa dharura.

Mafundi wazuri wa magari ya kawaida wanaweza kukosea katika mambo ambayo kwao ni ya kila siku. Giaboksi ya haibridi hii imeandikwa kuwa ya jamii ya CVT, giaboksi isiyo na hatua za gia, na fundi akiona herufi hizo huenda dukani kununua oili ya CVT. Ndani yake hakuna mkanda wala puli kama katika CVT za kawaida. Kuna gia za sayari na mota mbili za umeme, na oili yake ni ATF WS ya Toyota. Inveta nayo ina mzunguko wake wa maji ya kupozea, wenye tangi lake dogo na pampu yake ndogo ya umeme, tofauti na ule wa injini. Nimeona watu wakijaza tangi hilo maji ya bomba kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwa radieta ya lori. Maji hayo huacha magamba na kutu katika njia nyembamba zilizo chini ya vifaa vya elektroniki vya bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari. Tangi hilo linahitaji kimiminika cha kupozea cha rangi ya waridi kinachodumu muda mrefu, na gari likiwa limewashwa kimiminika kinatakiwa kionekane kikitikisika ndani ya tangi. Kikitulia kabisa, pampu imekufa, na safari ya Kolwezi iahirishwe.

Breki zina sifa ya kudumu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mota, na padi zinaweza kukaa miaka. Sifa hiyo ina upande wake mbaya: kwa kuwa padi hazifanyi kazi sana, pini zake hushikwa na matope ya masika na vumbi la kiangazi, gurudumu moja likabaki limebanwa. Zifunguliwe na kupakwa grisi mwanzo na mwisho wa mvua. Mafuta ya breki yabadilishwe na mtu mwenye skana, kwani mfumo huu una pampu yake ya umeme na haukubali mtindo wa kukanyaga na kufungua.

Shemeji yangu hana habari na haibridi. Yeye ni mtu wa Range Rover, na gari lake limenifundisha upande wa pili wa jambo lilelile. Linabebwa na mito ya hewa badala ya springi za chuma. Mpira wa mito hiyo hupasuka nyufa ndogo kwa umri, vumbi likaingia kwenye mikunjo na kuisaga, na dalili yake ya kwanza ni gari kuamka asubuhi limeinamia kona moja. Wengi hulipuuza kwa sababu likiwashwa linanyanyuka. Kila linaponyanyuka kompresa ya hewa inafanya kazi kupita kiasi, na mtu aliyekwepa kununua mto mmoja anaishia kununua mto pamoja na kompresa. Mashimo ya njia zetu nayo hayapatani na mapine yake yenye ukuta mfupi wa pembeni. Alipoteza rimu mbili katika masika moja, na sasa ameweka rimu ndogo kwa kipimo ambacho mtengenezaji anakiruhusu, zenye mapine manene zaidi. Gari limepoteza urembo kidogo, na mgongo wa dada yangu umepona.

Shemeji ndiye aliyeniambia kwanza kwamba oili ya giaboksi yake haibadilishwi maisha yote. Magari mengi ya kifahari huuzwa kwa maneno hayo. Lakini ZF, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza giaboksi yenyewe, hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane hivi. Kati ya anayeuza gari na aliyeunda giaboksi, namwamini wa pili, hasa kwa joto na foleni zetu.

Kwa anayetaka kununua, ninashauri gari lionwe asubuhi, likiwa limelala usiku kucha na halijawashwa na mtu. Betri dhaifu hujificha gari likiwa limekwisha kupata moto, na mto wa hewa unaovuja hujificha gari likiwa limekwisha kuamshwa. Kiti cha nyuma kifunuliwe na feni zitazamwe. Skana iunganishwe, volti za mafungu ya betri zilinganishwe gari likipanda mlima na si likiwa limesimama, na historia ya kodi zilizofutwa siku hiyo iulizwe. Kwa Harrier na RX 400h, swali la mkanda wa taiming, unaopatanisha mwendo wa sehemu za injini, lisisahauliwe, kwa sababu injini hiyo inautumia mkanda na hutakiwa kubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. RX 450h iliyofuata ina mnyororo. Na kwa kuwa gari huenda lilikaa bandarini na njiani kwa muda mrefu betri ikishuka polepole, lisinunuliwe lile lililoegeshwa miezi uani kwa mtu kwa maelezo kwamba halijatumika sana. Ukilipata lako na likabidi lisimame, liwashwe angalau kila baada ya miezi miwili na kuachwa nusu saa likiwa kwenye P, pahali penye hewa, ili injini iijaze betri.

Mwisho kabisa ni nyaya za rangi ya machungwa, zinazobeba umeme wa volti kubwa. Mwonyeshe kila mtu atakayegusa gari lako: fundi wa bodi, fundi wa redio, mchomeaji wa bomba la moshi. Mchomeaji hasa aambiwe aondoe waya wa betri ndogo kabla ya kuwasha mashine yake, na akae mbali na nyaya hizo zinazopita chini ya sakafu. Asiyekuwa na glovu na kipimo asiziguse, hata akiwa fundi wa familia kwa miaka mingi.